Maua ya Buluu katika Mfereji wa Sange

Uvira, Kasenga, 16 Februari 1964

Yaya Antoine,

Kabla ya salamu naandika jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, wala Mama, wala padri katika kitubio. Nikianza na salamu, najijua, nitajaza karatasi yote kwa salamu kisha nitasema nafasi imekwisha. Jambo lenyewe ni hili: majani yaliyoziba mfereji wa mpunga kule Sange, ni mimi niliyeyatia majini. Ni yale uliyoniletea katika kopo.

Sasa nakusalimu. Sisi ni wazima. Mama anakusalimu sana. Mguu wake bado unavimba jioni, lakini kila asubuhi anashuka ziwani Kalundu kununua ndagala za kuanika. Anauliza kama huko Kindu unapata mtu wa kukutwangia majani ya muhogo akupikie sombe, au unakula mkate tu kama muzungu. Mimi niko mwaka wa tatu katika shule ya watawa, kwa masera. Nimekuwa wa pili darasani. Wa kwanza ni Generose, yule msichana wa Sange anayelala bwenini. Paa la jiko linavuja palepale ulipolitengeneza.

Utakumbuka Noeli ya mwaka 1962 ulipopewa likizo kazini ukaja konje. Ulitoa sandukuni kopo la maziwa ya unga, na ndani mlikuwa na maji kidogo na mmea mmoja wenye majani mazito yanayong'aa, mashina yake yamevimba kama yamepulizwa. Uliniambia, "Itatoa maua ya buluu. Weka nyuma ya nyumba, usionyeshe watu." Nilidhani ni kwa sababu ni mzuri. Sikukuuliza kwa nini mtu anayelipwa ili aue mmea huo katika mto ameleta mmoja nyumbani.

Kufika Pasaka ulikuwa umezaa hadi umejaza mabeseni mawili. Mama alilalamika kila siku: "Weye Émérance, ile majani utaitoa lini mu beseni yangu? Minye nitafulia wapi, mu kofia ya padri?"

Mwezi wa sita masera walitutuma tukaimbe Sange kwenye sikukuu ya Sakramenti Takatifu. Masera Louise alitaka maua ya buluu kwa altare, na wakati wa kiangazi huku kwetu hakuna ua la buluu hata moja. Nikainua mkono. Yaya, unanijua, mimi siinui mkono. Tulipandisha mabeseni juu ya lori, na njia nzima wasichana waliniuliza nimeyatoa wapi. Kwa siku moja nilikuwa mtu anayeulizwa.

Baada ya maandamano Masera Louise alinipa kiberiti. Unajua desturi: maua yaliyokaa mbele ya Sakramenti hayatupwi jalalani pamoja na maganda ya ndizi, huchomwa, au huachiwa maji yanayotembea. Yalikuwa bado yamechanua. Sikuweza kuyachoma. Mfereji unapita kando ya ukuta wa kanisa. Niliinamisha mabeseni, yakaondoka polepole, mizizi imening'inia chini kama ndevu, nami nikafanya ishara ya msalaba, mabeseni nikayasahau palepale.

Sasa maji hayatembei tena. Kuanzia kanisani hadi mashamba ya chini, mtu hawezi kuona maji. Watu wa Sange wanayaita majani hayo dipanda, kama uhuru wetu: yalikuja na maua, yamejaa kila mahali, na hayaliwi. Mpunga wa chini umekauka. Mzee Nyandwi, baba yake Generose, ndiye pekee aliyeingia mferejini kuyatoa. Kila siku alijaza vikapu na kuyarundika juu ya tuta la shamba lake. Bwana Onesphore, monitere wa kilimo, msimamizi wa serikali, alipokuja kukagua, rundo alilikuta kwa Nyandwi. Generose alikuwepo, amenisimulia.

"Hii majani iko ya nani?"

"Shamba iko yangu. Majani iko ya maji."

"Maji haina kitambulisho. Weye uko nacho. Leta."

Wamemfunga miezi sita katika kasho ya hapa Uvira, na shamba lake limeandikwa kurudi serikalini. Watu wengine wanasema aliyatoa Burundi, ng'ambo ya mto Ruzizi, kwa sababu anasema Kirundi. Mzee Nyandwi alizaliwa Sange.

Nilikwenda kusoma tangazo lililobandikwa kwenye ofisi ya kilimo. Ni la zamani. Mtu amefuta kwa wino maneno "ya Wabelgiji" baada ya neno "Kongo", mengine yote yamebaki. Nimelinakili: "Imekatazwa kwa kila mtu kuwa na mmea huu, kuupanda, kuuzalisha, kumpa mtu mwingine, kuuuza au kuubeba, hata mche mmoja." Ni makosa sita. Mzee Nyandwi amefanya mawili, kuwa nao na kuubeba. Mimi nimefanya yote isipokuwa kuuza. Ya kwako sikuyahesabu. Nilitafuta mahali panapomtaja mtu anayeuondoa majini. Hapapo.

Nataka kwenda kusema. Lakini wataniuliza niliupata wapi, na jibu ni jina lako, nawe ni mtu wa brigedi ya kuua majani hayo mtoni. Naomba ruhusa yako. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Émérance


Kindu, 22 Machi 1964

Mdogo wangu Émérance,

Barua yako imenifikia tarehe 14, ukingo wake umefunguliwa na kugandishwa tena kwa ugali. Fikiri juu ya hilo kabla hujaandika nyingine.

Nafurahi kusikia mko wazima. Mwambie Mama aweke mguu juu ya kiti akiwa anaanika ndagala, asichuchumae. Sombe napata, mke wa jirani anapika, anatia mawese mengi kuliko Mama, lakini usimwambie hivyo. Umekuwa wa pili. Wa pili si mbaya. Paa la jiko, chukua lile bati lililolala nyuma ya choo, mwombe mtu apigilie misumari mitatu.

Kazi hapa iko na haiko. Dawa ya kupulizia ilikwisha mwezi wa nane mwaka jana. Injini ya mtumbwi wetu imekufa. Tunapewa kulabu ndefu na tunavuta jasinti, yale majani, kwa mikono, watu kumi na mmoja, katika mto ambao ng'ambo yake huioni vizuri. Tukivuta asubuhi, jioni mto umeleta mengine kutoka juu. Mkubwa wetu anasema sheria bado ni sheria. Ni kweli. Sheria haikupanda ndege pamoja na Wabelgiji.

Kuhusu hilo jambo uliloandika. Noeli ile nilileta kitenge cha Mama na kamusi yako ya Kifaransa. Sikumbuki kopo. Wewe unasoma sana, na mtu anayesoma sana hupenda kujiona ndani ya kila habari. Miezi sita si mingi. Mzee huyo atatoka mwezi wa nane, watu wamefungwa kwa madogo zaidi ya hayo.

Kama watu wa Sange wanataka kuyamaliza, waambie hivi, bila kusema nani amekuambia: wayatoe yote, wasiache kipande hata cha urefu wa kidole, maana kipande hicho kitakuwa mfereji mzima. Wayaweke mbali na maji, mizizi juu, siku tatu za jua. Kisha wayachome. Yasiwekwe kwenye tuta. Mvua moja tu, yanarudi.

Soma masomo yako. Barua hii itie motoni.

Kaka yako,
Antoine


Uvira, Kasenga, 12 Aprili 1964

Yaya Antoine,

Nakusalimu. Mama anaendelea, mguu anauweka juu ya kiti na anasema anajisikia kama bibi wa komisera. Bati limepigiliwa. Pasaka ilipita vizuri, ingawa watu walikuwa wachache kwenye misa ya alfajiri; kuna maneno mengi njiani siku hizi, na wanaume wa bonde hawatembei peke yao. Masera wametukataza kwenda Sange.

Barua yako sikuichoma. Nilijaribu kufanya ulivyosema, nikaishia kuisoma tena.

Hukumbuki kopo. Lilikuwa jekundu na jeupe, lenye picha ya ng'ombe, na ulitoboa kifuniko kwa msumari mara tano ili mmea upumue. Mama sasa anatilia humo chumvi. Sisemi hivi kukugombeza. Nasema tu kwamba liko juu ya kabati.

Jumapili mbili zilizopita Generose aliniomba nimsindikize kasho kumpelekea baba yake chakula. Mimi ndiye niliyepika. Mzee Nyandwi ni mwembamba, ana masikio makubwa kama ya Generose, na amevaa shati la mtu mwingine. Alikaa chini uani akala, huku askari akichonga kijiti cha meno.

"Generose, huyu mwenzako kwa nini anaangalia chini? Amepoteza sindano?"

"Iko hivi, Papa. Anaangalia chini hata mbele ya kuku."

"Basi atazoea hapa. Mu kasho wote tunaangalia chini." Akacheka peke yake. Kisha akauliza, "Maji imefika kwangu?"

"Haiyafika, Papa."

"Na kwa jirani?"

"Haiko maji mahali popote."

Alisafisha sahani kwa kidole. Nilikuwa nimejiandaa. Yaya, nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja kwa kalamu, kama mtoto anayekwenda mtihani. Yeye akasema, si kwangu, kwa sahani: "Mutu aliyetia ile majani mu maji, minye siko na kasirani naye. Hakujua. Lakini angekuja anisaidie kubeba kikapu. Kikapu cha majani ya maji iko nzito, unafikiri umebeba mutu."

Niliweka mkono nyuma. Tulipofika njiani Generose aliniambia kwamba amemaliza masomo. Mama yake, Mama Bernardine, yuko peke yake na watoto wadogo, na bila mpunga hawezi kulipa bweni. Alinipa daftari lake la jiometri kwa sababu lina kurasa nyingi tupu. Sasa mimi ndiye wa kwanza darasani.

Kwa hiyo naandika ili ujue. Ninangoja jibu lako hadi Pentekoste, tarehe 17 Mei. Posta ikienda upesi, siku zinatosha kwenda na kurudi. Siku hiyo isipoleta barua, kesho yake asubuhi nitakwenda kwa Bwana Onesphore na kopo mkononi. Sitaki kukusaliti. Lakini mtu amekaa uani anauliza habari za maji.

Mdogo wako,
Émérance


Kindu, 3 Mei 1964

Émérance mdogo wangu,

Nimeipata barua yako jana. Leo ni Jumapili, nimekaa ukingoni tangu asubuhi nikiandika na kuchana. Hii sitaichana.

Salamu kwa Mama. Mwambie sijambo. Hapa pia kuna maneno mengi njiani, na wenzangu wawili wameondoka bila kuaga. Nguo zangu nimefua.

Nakumbuka kopo. Nakumbuka msumari pia, niliuazima kwa fundi wa mtumbwi.

Ngoja nikuambie jinsi ilivyokuwa, maana umeniuliza kwa kutoniuliza. Wiki ile kabla ya konje bado tulikuwa na dawa. Tulipuliza ghuba nzima moja. Siku ya tatu majani yalikuwa kahawia, na chini yake samaki walianza kupanda juu, wadogo kwa wakubwa, tumbo nje. Wanawake wa kijiji walikuja na vikapu, tukawafukuza, tukawaambia ni sumu. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, mulikuja kuua majani ao kuua siye?" Nilikuwa na pampu mgongoni. Kando ya mtumbwi kulikuwa na mche mmoja ambao dawa haikuugusa, una ua. Niliutoa. Sijui kama niliuonea huruma au nilitaka tu kuwa na kitu kimoja ambacho sikukiua. Kisha nikafikiri, Émérance anapenda kuangalia vitu. Nilijua sheria. Niliwasomea watu sheria hiyo vijijini kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka ulione kama ua.

Niliogopa kazi yangu, kazi ambayo sasa hata mshahara haina. Niliogopa pia ujue kwamba mimi ndiye niliyelileta kosa hilo nyumbani, na wewe ulilibeba tu. Basi sema. Usingoje Pentekoste. Taja jina langu, Antoine, na namba yangu ya brigedi ni 37. Mwambie Mzee huyo kwamba nikija konje nitaingia mferejini.

Kopo lisiendelee kuwekewa chumvi. Mama alioshe kwanza kwa maji ya moto.

Kaka yako,
Antoine


Uvira, Kasenga, 20 Juni 1964

Yaya Antoine,

Posta imefungwa tangu mwezi uliopita. Naandika hata hivyo, nitaitunza.

Sisi ni wazima. Mama haendi tena Kalundu, mashua haziji. Masera wameondoka na shule imefungwa. Ninasoma kamusi, nimefika herufi H.

Jibu lako halikuja. Ijumaa kabla ya Pentekoste, asubuhi, risasi zilisikika upande wa mlima, na askari wa serikali walianza kuondoka kuelekea kaskazini. Walifungua kasho. Tulifikiri wanawaachilia wafungwa. Waliwatoa ili wabebe masanduku.

Walipita hapa Kasenga, mbele ya nyumba yetu, katika mstari. Mzee Nyandwi alikuwa wa nne au wa tano, na sanduku kichwani. Alinitambua. Hakuweza kugeuza kichwa kwa sababu ya mzigo, aligeuza macho tu. Akaniuliza, "Generose iko Sange?"

Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Maneno yote nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo tangu mwezi wa pili, yamepangwa. Tulikuwa tumekaribiana hata ningeweza kumgusa. Nikasema, "Safari njema, Mzee." Wakapita. Jioni ile waasi waliingia mjini.

Siku mbili zilibaki ili muda niliojiwekea ufike. Hakuna aliyeniwekea muda huo ila mimi mwenyewe.

Jumamosi nilichukua kopo nikaenda ofisi ya kilimo. Mlango ulikuwa wazi, meza haipo, karatasi zimetapakaa na kuku anatembea juu yake. Tangazo lilikuwa bado ukutani. Nilisimama kidogo. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, nikarudi.

Émérance


Uvira, Kasenga, 10 Januari 1965

Yaya Antoine,

Sijui kama barua hii itakukuta. Mfanyabiashara anayeitwa Étienne anakwenda Bukavu na anasema kutoka huko kuna magari yanayofika Kindu. Tumesikia mambo ya vita ya Kindu, na Mama hataki tuyasimulie ndani ya nyumba. Kila Jumamosi anafua shati lako la buluu na kulipiga pasi. Mguu wake ni afadhali. Tangu waasi walipotoka mjini, ndagala zimerudi sokoni. Shule imefunguliwa kwa madarasa mawili, na darasa letu tuko wasichana tisa.

Barua yako ya tarehe 3 Mei nimeipata tarehe 19 Desemba. Ilikuwa Bukavu miezi yote hiyo, ndani ya gunia, imelowa upande mmoja. Uliandika, usingoje Pentekoste. Nimeisoma mara nyingi. Ile yangu ya Juni nimeitia ndani ya bahasha hii, uisome kwanza.

Mzee Nyandwi hakurudi. Mtu mmoja wa Luvungi aliyebeba masanduku pamoja naye amesema alianguka barabarani, mbele ya Kamanyola, na waliokuwa nyuma walikatazwa kusimama. Zaidi ya hapo hajui, au hasemi.

Sasa nakuandikia nilichofanya, kwa mpangilio.

Jumatatu iliyopita nilimwambia Mama yote. Alikuwa anachambua ndagala, aliendelea kuchambua. Mwisho akasema, "Na minye nilikuwa nafikiri beseni yangu iliibiwa tu." Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, akakaa humo mpaka mchana. Alipotoka alinifungia unga kilo mbili katika kitambaa, akaniambia nisiende mikono mitupu.

Jumanne nilipanda lori hadi Sange. Nyumba nyingi za kando ya barabara hazina paa. Nilimkuta Mama Bernardine anatwanga muhogo, na Generose anamshika mtoto. Niliomba tukae chini. Niliwaambia kuanzia kopo hadi "safari njema". Nilisema jina lako, kama ulivyoniruhusu. Niliwasomea barua yako, mahali unaposema utaingia mferejini.

Generose alinyanyuka akaenda nyuma ya nyumba. Mama Bernardine alikaa na mchi mkononi. Aliuliza jambo moja tu.

"Na bugali ya weye, alikula?"

"Alikula, Mama."

"Yote?"

"Yote. Alisafisha sahani kwa kidole."

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaingia ndani akatoka na kikapu, akakiweka mbele ya miguu yangu. Kilikuwa cha Mzee. Mpini wake umefungwa kwa kamba ya mkonge mahali ulipokatika. "Ulisema uliyatia kwa kanisa," akaniambia. "Anzia kwa kanisa."

Nilianzia kwa kanisa. Maji yalinifika kiunoni. Nilifanya kama ulivyoandika: mizizi yote, bila kuacha kipande, kubeba mbali na maji hadi uwanja wa kanisa, kupindua mizizi juu. Kikapu ni kizito kweli. Siku ya kwanza nilibeba peke yangu, na watu walipita wakasema, "Masera mudogo anavua samaki gani huko?" Siku ya pili Generose alikuja. Hakunisalimu. Aliingia upande wa pili wa mfereji, akavuta kuelekea kwangu. Mchana alisema, "Shika hapa, weye unakata mizizi." Ndiyo maneno aliyoniambia siku hiyo. Siku ya tatu walikuja wanawake sita na majembe yao, na mzee mmoja aliyekaa juu ya ukuta akituonyesha mahali tulipopita bila kuona.

Siku ya nne tulichoma ya kwanza, maana jua lilikuwa kali. Katikati ya rundo kulikuwa na mche uliochanua, maua yake yamelala lakini bado ni ya buluu. Nilikuwa na kiberiti mkononi. Mama Bernardine aliniangalia. Niliwasha.

Bwana Onesphore amerudi kazini. Hana ofisi, anakaa kwenye kiti mbele ya soko la Sange na kofia yake ya kazi. Nilikwenda kwake Jumamosi asubuhi nikamwambia mimi ni nani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kesi ilikwisha na mwenye kosa hayupo, kwa nini nafufua jambo. Nikamwambia kwamba shamba la Mzee Nyandwi bado limeandikwa kuwa la serikali kwa kosa hilo, na mjane wake ana mbegu lakini anaogopa kupanda. Akasema kubadilisha maandishi kunahitaji maandishi, na yeye hana karatasi hata moja.

Nilikuwa na daftari la jiometri la Generose. Nilichana kurasa mbili. Niliandika kwa Kifaransa, polepole, nisifute kitu: kwamba mmea ulitoka Kindu mwezi wa kumi na mbili mwaka 1962, mikononi mwa Antoine, namba 37 wa brigedi, kwamba uliwekwa katika mfereji wa Sange na mimi, Émérance, mwanafunzi, siku ya Sakramenti Takatifu mwaka 1963, kwamba Nyandwi, mkulima, hakuwahi kuupanda, bali aliutoa majini kwa kikapu, kila siku, bila kutumwa na mtu. Nikatia sahihi. Niliandika mara mbili, nakala moja kwake, moja kwa Mama Bernardine.

Bwana Onesphore alisoma, akauliza umri wangu. Nikamwambia miaka kumi na sita. Akasema ataipeleka Uvira na kwamba huenda nikaitwa. Nikamwambia nyumba yetu ni ipi hapa Kasenga. Aliikunja karatasi akaitia ndani ya kofia.

Kisha nilirudi mferejini. Upande wa juu wa kanisa, chini ya daraja, palikuwa pamebaki machache, na Generose alikuwa ameshaingia.

Mdogo wako,
Émérance